Choo kimoja, vyumba vinane: mwongozo kamili wa usafi kwa nyumba za kupanga uswahilini

Masika yakikolea Dar es Salaam, kuna harufu inayopita usiku ambayo mtu wa Vingunguti, Tandale au Keko hahitaji kuambiwa ni ya nini. Kuna mtu katapisha. Ndivyo tunavyoita: unasubiri mvua kubwa, unazibua tundu lililoachwa makusudi ubavuni mwa shimo la choo, na yaliyomo yanaondoka na maji ya njiani. Asubuhi kila mtu anaruka dimbwi na hakuna anayeuliza limetoka kwa nani, maana wiki ijayo zamu inaweza kuwa yake.

Nimekaa miaka mingi kwenye nyumba ya namna hii: vyumba vinane, choo kimoja uani, bafu ubavuni mwake, kisima kwa jirani. Nimeona choo kizuri cha vigae kikifa ndani ya mwaka, na nimeona cha mabati ya kuunga kikidumu, kwa kuwa wenyewe walikuwa na mfuko, zamu na mtu wa kushika ufunguo. Ndiyo maana fundi na saruji nimewaweka mbali kidogo huko chini. Tuanze na daftari.

Hatua ya kwanza: hesabu zako

Jumapili jioni, watu wakiwa nyumbani, andika idadi ya wanaolala hapo. Usifuate majina ya waliopanga. Chumba cha kijana mseja kina wadogo zake wawili waliokuja kutafuta kazi. Chumba cha mama lishe kina binti wa kumsaidia na mjukuu. Nyumba yetu ilijulikana kuwa ya watu kumi na wawili. Tulipohesabu tulikuwa ishirini.

Kisha pima shimo. Tafuta mti mrefu ulionyooka, ushushe taratibu tunduni mpaka uguse tope, tia alama usawa wa sakafu, halafu usukume mpaka ugote chini na utie alama nyingine. Nafasi kati ya alama hizo mbili ndiyo unene wa tope lako. Ikiwa kutoka sakafuni hadi kwenye tope imebaki nusu mita, hesabu kwamba shimo limejaa. Ukingoja ulione kwa macho umechelewa.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa kawaida mtu mmoja hukadiriwa kuacha shimoni lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka. Shimo likitupiwa makaratasi na takataka ni hadi 90. Watu ishirini kwa lita 60 ni lita 1,200 kwa mwaka, yaani mita za ujazo 1.2. Si nyingi. Lakini watu hao hao wakioga ndoo moja ya lita 20 kila siku, na maji ya bafu yanaingia shimo hilo hilo kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, hizo ni lita 400 kwa siku. Siku tatu za kuoga zinatia ujazo sawa na kinyesi cha mwaka mzima. Ardhi ya kichanga iliyo juu itayanyonya maji hayo. Ya mfinyanzi, au ya bondeni karibu na Mto Msimbazi, haiyanyonyi. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba choo chao kinajaa kila baada ya miezi mitatu, mwulize kwanza bafu linamwaga wapi.

Mwisho, tembea kutoka chooni hadi mahali gari la kunyonya majitaka linapoweza kusimama, ukihesabu hatua, na andika kona za uchochoro. Kipimo hiki utakihitaji kwenye kupakua.

Hatua ya pili: kikao

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Ukiruka hatua hii utajenga choo cha mtu mwingine.

Usianze na kikao cha wote. Anza na mwenye nyumba peke yake, kwa heshima, na usiende siku za kudaiwa kodi. Mimi nilikosea siku.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Umeleta ile kodi?”

“Bado, mama, mwisho wa wiki. Nimekuja kwa habari ya choo.”

“Choo? Nyie ndio mnaokijaza, mimi nina changu huku mbele.”

Alikuwa anasema kweli, na ndilo tatizo la nyumba nyingi: mwenye nyumba ana choo chake, au anaishi mtaa mwingine kabisa, na harufu haimfikii. Niliporudi Jumamosi na kodi mkononi na ile hesabu ya lita 400 kwenye karatasi, alinyamaza akaisoma mara mbili. Kilichomgusa zaidi ni nyufa za ukuta wa chumba cha nyuma. Shimo lililokuwa likivuja lilikuwa linalainisha msingi wa nyumba yake. Kwa hiyo mwonyeshe mwenye nyumba kinachomhusu yeye: msingi, ukuta, chumba kinachokaa bila mpangaji kwa sababu ya harufu. Sheria ipo, ile ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na bwana afya wa kata anaweza kuitwa. Ila ukianza na bwana afya, huenda ukamaliza kwa kutafuta chumba kingine. Mweke akiba.

Ndipo muite kikao cha vyumba vyote, mjumbe wa shina akiwepo. Mambo matano yasiachwe hewani.

Nani anajenga na nani anapakua. Mgawanyo uliotufaa sisi: jengo na shimo ni la mwenye nyumba, kupakua na usafi wa kila siku ni wa wapangaji. Kama wapangaji watatanguliza fedha za ujenzi, zikatwe kwenye kodi, iandikwe kiasi gani na kwa miezi mingapi, mjumbe atie sahihi.

Kodi. Hili watu huona aibu kulisema. Choo kikishapendeza, kodi hupanda, na waliokibebea mchanga wanahama. Ombeni iandikwe kwamba kodi haitapanda kwa mwaka mmoja baada ya choo kukamilika.

Mfuko wa choo. Shilingi 2,000 kwa chumba kila mwezi, vyumba vinane, ni 16,000; kwa mwaka 192,000. Ulizeni mapema bei ya kupakua mtaani kwenu, mgawe kwa miezi, ndipo mpange kiwango chenu. Kuna wanaotaka kutoza kwa kichwa. Kwa haki ya hesabu wana hoja, lakini kuhesabu watoto wa watu kila mwezi ni kutafuta ugomvi. Tozeni kwa chumba, na mwenye biashara inayotumia maji mengi, kama mama lishe au mfua nguo, aongeze kidogo. Fedha ashike yule yule ambaye tayari ni kijumbe wa upatu na hajawahi kula hela ya mtu. Kila nyumba inamjua ni nani.

Ufunguo. Kufuli moja, ufunguo mmoja kwa kila chumba. Choo kisichofungwa uswahilini ni choo cha mtaa mzima, na cha mtaa mzima hakioshwi na mtu.

Zamu. Siku moja kwa chumba, karatasi ibandikwe ndani ya mlango. Wanaume wapangiwe kama wengine. Kwetu walicheka wiki ya kwanza.

Hatua ya tatu: shimo

Kama mnajenga upya, chimbeni mwisho wa kiangazi ila mtazame maji ya masika yalipofikia. Waulize wazee wa mtaa, au angalieni alama za maji ukutani. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5 hadi 2. Bondeni haiwezekani kila mahali, kwa hiyo tunapanda juu: mnachimba kidogo, kisha mnanyanyua kuta za bloku kozi tatu, nne au zaidi juu ya ardhi, na kujenga ngazi. Choo cha kupanda ngazi kinachekesha mgeni, lakini mafuriko yakija hakimwagi kwa jirani. Mzee au mjamzito anapanda ngazi hizo pia. Fanyeni vipandio vifupi, na wekeni bomba la kushika.

Shimo la mita 1.2 kwa 1.2, lenye kina cha mita 1.5 cha kutumika chini ya ile nusu mita ya akiba, linabeba mita za ujazo 2.16. Kwa watu wetu ishirini ni mwaka mmoja na miezi tisa hivi kabla ya kupakua.

Jengeni kuta za shimo zima kwa bloku au ringi za zege. Mapipa ya chuma huoza, na shimo la udongo mtupu likinyonywa lote wakati wa mvua huporomoka na kuvuta sakafu nalo. Kwenye kozi za chini fundi aache nafasi bila saruji kwenye maungio ya wima, ili maji yapenye. Kozi za juu zijengwe kwa kuzibwa na kupigwa plasta. Lile tundu la kutapishia ubavuni fundi ataliacha bila hata kuagizwa, kwa mazoea. Simama naye siku hiyo.

Na jambo linalosahaulika kuliko yote: acheni mlango wa kupakulia. Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 60, wenye vishikio vya nondo, juu ya shimo lakini nje ya chumba cha choo. Bila huo, siku ya kupakua mtavunja sakafu mliyoilipia.

Bafu litengwe. Penye kichanga, lichimbiwe shimo lake lililojazwa kokoto na mawe. Pasipo na nafasi, au maji ya ardhi yapo karibu, punguzeni yanayoingia: maji ya kufulia yakingwe kwenye ndoo na yatumike kusukumia chooni badala ya kufungua dumu jipya.

Hatua ya nne: sakafu na sinki

Sakafu iwe ya zege laini, yenye mteremko kuelekea tunduni, isiyo na ufa wa kufuga minyoo na inzi. Kisha mchague moja kati ya mawili. Mafundi wengine huchanganya yote na kuua kazi.

La kwanza ni tundu la wazi lenye bomba la kutolea hewa. Bomba linapanda nusu mita juu ya paa, juu limefungwa wavu. Upepo unapopita kileleni huvuta harufu, na inzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba wakakwama kwenye wavu. Kwa hiyo chumba kiwe na giza kidogo, na tundu lisizibwe, maana hewa inaingilia hapo. Kwenye uchochoro uliobanwa na ghorofa upepo haufiki, na bomba linabaki kuwa pambo.

La pili ni sinki la kuchuchumaa lenye shingo inayobakiza maji, au lile la plastiki la SATO ambalo kifuniko chake hujifungua kwa uzito wa maji na kujirudisha. Sisi tunaotawaza kwa maji tunalo kopo mkononi tayari, kwa hiyo mimi napendekeza hili. Harufu inakatika siku hiyo hiyo. Adui yake ni takataka: gazeti, pedi, pampasi, wembe. Wekeni ndoo yenye mfuniko pembeni, na anayetupa kitu shimoni alipe kuzibua.

Usafi wa kila siku ni maji, sabuni ya unga na brashi, basi. Jik iwekwe kwa siku ya kuhara: kopo moja la Jik ya asilimia 3.5 kwa makopo sita ya maji, mwagia palipochafuka, acha dakika kumi, suuza. Usiichanganye kamwe na zile dawa kali za kung'arisha sinki. Mvuke wake unaumiza mapafu, na chumba cha choo ni kidogo. Tindikali ya betri, ambayo wengine humimina “kushusha choo”, inakula zege la shimo lenyewe.

Hatua ya tano: kunawa

Kibuyu chirizi mnakijua: dumu la lita tano lenye tundu dogo, limening'inizwa kwenye mti, kamba inakwenda kwenye kijiti cha kukanyaga. Kizuri chake ni kwamba mkono mchafu haugusi kitu. Kibaya ni kwamba kamba inakatika na hakuna anayeifunga. Ndoo ya koki inadumu zaidi. Chochote mtakachochagua, kiwe hatua mbili kutoka mlango wa choo. Kikiwekwa jikoni hakitumiki.

Sabuni ya kipande huibwa, tusidanganyane. Tia gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita 1.5, tikisa, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, funga chupa kwa waya. Hakuna anayeiba chupa ya povu.

Hatua ya sita: watoto, na usiku

Bado tunasikia kwamba kinyesi cha mtoto hakina neno. Kina vijidudu vile vile, na mtoto ndiye anayeumwa zaidi. Nunua poti, mwaga chooni, osha poti kwa sabuni, na maji ya kuoshea nayo yaishie chooni. Pampasi ikunje, iende kwenye taka.

Usiku, mwanamke na mtoto hawatoki kwenda uani gizani, na siwalaumu. Taa ndogo ya sola juu ya mlango wa choo na komeo la ndani vimefanya kazi kubwa kwetu kuliko mabango yote ya kampeni. Anayebaki na ndoo chumbani aifunike, aimwage alfajiri, asiiache mpaka watoto waamke.

Hatua ya saba: kupakua bila kutapisha

Gari likifika karibu, ita gari. Lililosajiliwa linamwaga kwenye mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti. La kuokoteza linaweza kumwaga mtaroni mtaa wa pili, na mkajikuta mmelipia kutapisha kwa gurudumu. Muulize dereva anamwaga wapi. Asipojibu vizuri, mwache.

Lisipofika, kuna vikundi vyenye pampu za mkono zinazoingia uchochoroni na kubeba tope kwenye mapipa kwa guta la pikipiki. Ofisi ya serikali ya mtaa huwa inajua wa karibu. Ile pampu haivuti nguo wala chupa, kwa hiyo takataka zinavuliwa kwanza kwa ndoano na bei inapanda. Hapo ndipo aliyetupa pampasi anakumbukwa.

Wa mwisho ni vyura, ndivyo tunavyowaita wapakuaji wa mikono. Wanakuja usiku, wanachimba shimo jingine pembeni, wanamwaga mafuta ya taa kukata harufu, wanatoboa ukuta, wakati mwingine mmoja anaingia ndani kabisa na ndoo. Hawa ni vijana wetu, na kazi wanaifanya kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja. Lakini hewa ya shimoni inaua, na tope mlilolihamisha mita mbili bado liko karibu na kisima. Asiingie mtu shimoni, na msisogeze moto wala sigara mfuniko ukiwa wazi. Shimo la zamani lisilojengewa lisikaushwe lote. Acheni tope kidogo chini lishike kuta.

Baadhi ya sehemu za Vingunguti zimepata mabomba membamba ya majitaka yaliyopitishwa vichochoroni hadi kwenye yale mabwawa. Kama mtaa wenu una mteremko na bomba kuu haliko mbali, pelekeni hoja hiyo kwenye mkutano wa mtaa. Choo kisichopakuliwa ndicho bora kuliko vyote.

Hatua ya nane: maji ya kunywa

Kisima kinatakiwa kiwe mita 30 kutoka chooni. Kwetu ni hatua tisa. Kwa hiyo maji ya kisima ni ya kufulia na kusukumia choo. Ya kunywa, hata ya bomba yaliyokaa kwenye dumu, yachemke mpaka yatokote dakika moja kamili, au yatiwe kidonge: WaterGuard ya miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji maangavu, ungoje dakika 30. Yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa. Yahifadhi kwenye chombo cha koki au chenye mdomo mwembamba, mkono na kata visiingie. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa karibu nchi nzima kilizikuta ndoo nyingi zikiwa wazi.

Wiki mbili kabla ya masika

Machi isiwakute. Pimeni tope kwa ule mti. Likiwa limepita nusu ya shimo, pakueni sasa, maana mvua ikianza magari yana foleni na njia ni tope. Zibeni ufa wowote kwenye kozi za juu. Zibueni mtaro wa mbele ya nyumba, na taka mlizozitoa ziondoke siku hiyo hiyo; zikiachwa ukingoni mvua ya kwanza inazirudisha. Nunueni pakiti mbili za chumvi za kuongeza maji mwilini kwa kila chumba chenye mtoto. Na mtu mmoja apite kwa majirani wa pande zote nne awaulize kwa upole kama nao wameshapakua, kwa sababu shimo lenu likiwa safi na la jirani wa juu limejaa, mvua inateremka kwenu.

Kwetu aliyetumwa ni mimi. Jirani wa juu alinikaribisha chai, akaniambia choo chake hakina shida yoyote, tundu la ubavuni lipo.